Mapipa Sita ya Ushahidi

Kazi ya dobi haingoji jua lichomoze. Ikingoja, jua litakuta kamba tupu. Ndiyo maana kila alfajiri nyumba ya mwisho kwenye uchochoro ule ilikuwa ya kwanza kusikika. Koki ililia kwanza. Ndoo ikafuata. Kisha mikono ya dobi ikaanza kusugua kwenye karo la uani: fyu, fyu, fyu.

Dobi alikuwa mama wa watoto wawili. Mkubwa alisoma darasa la pili. Mdogo alikuwa mgongoni, amelala fofofo huku anatikiswa, kama abiria aliyezoea barabara mbovu.

Mumewe alikuwa kinyozi. Chumba chake cha kunyolea kilikuwa mbele ya nyumba. Watu walimwita Wakili. Hakuwa amesoma sheria hata ukurasa mmoja, ila hakuna kesi ya mtaa iliyopita mbele ya kiti chake bila kusikilizwa. Ukiketi kwake unatoka na nywele fupi na hoja ndefu.

Mama yake Wakili aliishi nao. Bibi huyo alikuwa mdogo wa mwili, lakini mdomo wake haukujua kwamba mwili ni mdogo.

Jumatatu hiyo dobi alifua huku anaimba. Meneja wa nyumba ya wageni alikuwa amemtumia ujumbe. Alitafuta dobi wa kumfulia mashuka sitini kila wiki. Angekuja Ijumaa kuona mahali pa kufulia.

"Sitini, mama," dobi alimwambia mama mkwe wake. "Hiyo ni kazi ya mwaka mzima. Nikiipata nitaezeka bati pale kwenye kamba. Mvua ikija sitakimbia tena na nguo za watu."

"Kwanza ipate, mwanangu," bibi akasema. "Kuku hahesabiwi akiwa bado yai."

Mchana msoma mita akapita. Akaacha bili ya maji, na safari hii akaacha na karatasi nyingine. Wakili akaisoma kwa sauti, ameshika kitana kama rungu la spika.

"'Idara ya Maji inapendekeza kurekebisha ada za maji safi na maji taka, ili ziendane na gharama za huduma.'" Akainua kichwa. "Kurekebisha. Mmesikia? Mimi kiti changu kikirekebishwa, huwa kinapona. Hiki wanachokirekebisha kinapanda."

"Soma mpaka mwisho, baba watoto," dobi akasema. "Kuna maandishi chini."

"Chini ni mapambo." Akaikunja karatasi, akachukua bili. "Na hii ya maji taka ni nini? Maji yakija, tunalipa. Yakiondoka, tunalipa. Ni mgeni gani huyu analipiwa nauli ya kuja na ya kurudi?"

"Mjomba wako alipokuja," bibi akauliza, "nauli ya kurudi ililipwa na nani?"

"Mama, yule tulimlipia ili aondoke."

"Basi na maji hayo ungependa yabaki?"

Wakili akageuka, akalitazama karo. Macho yake yakaanza kung'aa. Dobi aliyajua macho yale. Yaling'aa hivyohivyo siku aliyojaribu kujinyoa kisogo bila kioo.

"Ndiyo," akasema polepole. "Yabaki. Wanatutoza kwa maji machafu tunayowapelekea. Dawa ni moja. Tusiwapelekee."

Kabla ya jioni alikuwa ameazima mapipa sita kwa mteja wake muuza mafuta. Akaziba tundu la karo kwa kitambaa. Akatoa amri: maji ya kufulia, ya vyombo na ya kuoga, yote yaende kwenye mapipa. Juu ya kila pipa aliandika kwa chaki. Kielelezo cha kwanza, Jumatatu. Kielelezo cha pili, Jumanne. Mawakili hufanya hivyo na ushahidi wao, alisema.

"Mwisho wa mwezi nitawaita maofisa hapa uani. Nitawaambia, maji yenu machafu haya hapa, halijatoka hata tone. Ada ya nini?"

"Na choo?" dobi akauliza.

Wakili akakohoa. "Choo tutakijadili."

"Hakijadiliwi," bibi akasema. "Haja yangu mimi haiwi kielelezo cha mtu."

Basi choo kikasamehewa.

Dobi angeweza kumpinga mumewe. Hakumpinga kwa sababu na yeye bili ilimtisha. Hakuna mtu uchochoroni aliyetumia maji kama yeye. Ada ikipanda, itamla. Akaona afadhali ajaribu, pengine Wakili safari hii amepata.

Hakupata. Siku ya tatu povu la pipa la kwanza lilikuwa la kijivu. Siku ya nne maji yalikuwa ya kijani, na yalitoa mapovu yenyewe bila kuguswa. Mbu wakapeana habari. Bibi akahamisha kiti chake kutoka uani hadi chumba cha kunyolea, akawa anawashauri wateja kuhusu vichwa vyao. Wateja nao walinusa hewa, wakajinusa makwapa. Mmoja aliondoka amenyolewa upande mmoja tu. Alisema anakwenda kuoga kwanza.

Ijumaa meneja akaja. Alikuwa mwanamke mrefu wa viatu safi. Alipofika mlango wa uani alitoa leso, akapiga hodi akiwa ameshaifunika pua.

"Hapa ndipo mashuka yangu yatakapolala?" akauliza.

"Karibu, mama," dobi akasema. "Ni maji tu haya. Tunayahifadhi."

"Ya nini?"

Wakili akatokea na kitana chake. "Ya ushahidi."

Meneja akasogelea pipa moja, akasoma. "Kielelezo cha tatu, Jumatano. Kina nini?"

"Maji ya kuoga," Wakili akasema, sauti imepungua kidogo.

Meneja alimgeukia dobi. "Dadangu, mkono wako nimesifiwa. Lakini mgeni akijifunika shuka, pua yake iko palepale. Nitarudi Ijumaa ijayo. Nikikuta hali hii, nitatafuta mwingine."

Akaenda zake. Dobi akaketi juu ya beseni lililopinduliwa. Mikono yake, ambayo haijawahi kukaa bure mchana, ilikaa mapajani kama vitu vya mtu mwingine. Wakili aliitazama mikono ile. Kwa mara ya kwanza wiki hiyo alikosa hoja.

Jioni, jua likiwa bado lipo, jirani yao akapita akitoka kazini. Alifanya kazi Idara ya Maji, kuzibua mabomba ya maji taka. Kila siku alifungua chemba, yale mashimo yenye vifuniko vya chuma njiani, kwa hiyo mtaa ulimwita Dada Chemba. Alisimama mlangoni na buti zake.

"Shemeji," alimwambia Wakili, "nimeshinda ndani ya chemba tangu asubuhi. Na bado kwenu ndiko kunanuka zaidi."

Wakili akamweleza kesi yake yote. Dada Chemba akamsikiliza mpaka mwisho bila kucheka, ingawa shavu moja lilimsumbua.

"Bili umeisoma?"

"Nimeisoma."

"Hebu nisomee hapa." Akaweka kidole kwenye mstari mdogo.

Wakili akaisogeza karatasi puani. "'Ada ya maji taka hukadiriwa kwa sehemu nane kati ya kumi za maji safi yaliyopita kwenye mita.'"

Mbu mmoja akasikika.

"Maana yake," Dada Chemba akasema, "bomba la maji machafu halina mita. Ingewekwa, ingeziba kila siku. Kwa hiyo wanatazama maji yaliyoingia. Ndoo kumi zikiingia, wanahesabu kwamba nane zimetoka. Ukiyamwaga, umelipa. Ukiyaweka kwenye pipa, umelipa. Ukiyanywa, umelipa."

"Mwanangu," bibi akasema, "una mapipa ya maji uliyoyalipia yaondoke, ukayazuia."

Dada Chemba akawapeleka njiani, hatua kumi kutoka mlangoni. Akatia ndoano ya chuma kwenye kifuniko, akakivuta. Chini maji yalikuwa yanapita taratibu gizani.

"Jumanne nilitoa kitu humu nikadhani ni paka," akasema. "Nikamwita mwenzangu tumzike. Kumbe nywele."

Wote wakamtazama Wakili.

"Nywele ni nyepesi," Wakili akasema. "Ninaziosha tu kwenye sinki."

"Peke yake ni nyepesi. Zikikutana na mafuta ya kupikia na sabuni zinasokotana, zinakuwa kamba. Ilibidi tulete gari la kunyonya uchafu. Gari linakunywa mafuta kuliko ng'ombe anavyokunywa maji. Nani analipia? Sisi sote."

Akaonyesha kwa mkono mahali njia inapoteremka. "Kutoka hapa maji yanakwenda kwenye pampu. Pampu inayasukuma hadi kwenye mabwawa. Kule yanasafishwa ndipo yanaachiwa mtoni, maana kuna wenzetu huko chini wanaochota maji ya mto huohuo. Pampu haina Jumapili. Inakula umeme mchana na usiku. Zilikuwa mbili, moja imekufa. Hii iliyobaki nayo ni ajuza. Ikifa, maji haya yote yanarudi majumbani."

"Mvua kubwa zikija huwa yananirudia kwenye karo," dobi akasema. "Pampu ikifa yataanzia nyumba gani?"

"Ya chini kabisa."

Dobi akatazama uchochoro ulivyoinama. Nyumba ya chini kabisa ilikuwa ya mwisho, na ya mwisho ilikuwa yake.

"Mbona hawakununua pampu nyingine?"

"Kwa kitu gani, shoga yangu? Ada ni ileile mwaka wa nane sasa. Umeme umepanda. Dawa ya kusafishia maji imepanda. Vipuri ndio usiseme. Huduma ikila kumi, tunakusanya sita. Zile nne zinazopungua tunazipata kwa kutotengeneza. Hiki tunakiahirisha, kile tunakifunga waya."

Dobi akalifikiria beseni lake lenye kiraka. Alizifikiria kamba zake, fundo juu ya fundo. Bei yake ya kufua ilikuwa ileile tangu mtoto wake mkubwa anatambaa, na sabuni ilikuwa imepanda mara tatu.

"Na mimi ndivyo ninavyofanya," akasema. "Nilidhani nawaonea huruma wateja."

"Na wewe unaonewa huruma na nani?"

Dobi akamvuta mtoto juu mgongoni.

"Lakini msidhani nawaambia mkubali kila kinachopendekezwa," Dada Chemba akaendelea, akirudisha kifuniko. "Kesho kuna mkutano wa maoni, ukumbi wa shule. Ada hazijapitishwa bado. Imeandikwa kwenye ile karatasi, chini."

"Kwenye mapambo," bibi akasema.

Kesho yake ukumbi ulijaa. Mhasibu wa idara, kijana mwembamba, alieleza yaleyale aliyoyaeleza Dada Chemba, ila kwa maneno marefu zaidi. Watu wakauliza maswali, wengine kwa hasira. Kisha Wakili akainua mkono, akasimama, akanyoosha shati.

"Nina hoja saba," akasema.

Ukumbi mzima ukaguna. Dobi akamvuta shati.

"Baba watoto, keti."

Wakili akaketi, si kwa utii, kwa mshangao. Na kabla mshangao haujamwisha, mkewe alikuwa amesimama, mtoto mgongoni. Akaikaza mbeleko, akasema.

"Mimi ni dobi. Nimekuwa nikifua kwa bei isiyolipa hata sabuni yangu, kwa hiyo nawaelewa. Msipopandisha, pampu itakufa, na mimi ndiye nitakayeamka na maji taka chini ya kitanda. Pandisheni. Lakini msipandishe yote kwa mkupuo mmoja. Nusu sasa, nusu mwakani, tupate kupumua. Halafu kuna nyumba hapa zinatumia maji ya kupika na kunywa tu. Yuniti zile za mwanzo ziacheni bei ya chini. Sisi tunaotumia mengi ndio tulipe zaidi."

Mhasibu alikuwa anaandika. Dobi akangoja kalamu isimame.

"Na kitu kingine. Mteja akinilipa, anaondoka na shuka lake, analiona kwamba limetakata. Sisi tukilipa tunaona nini? Kila miezi mitatu bandikeni pale nje, mmekusanya nini na mmetengeneza nini. Tukiona, hatutanung'unika. Yaani, tutanung'unika kidogo."

Watu wakacheka, kisha wakapiga makofi. Mzee wa safu ya nyuma akamgusa Wakili begani.

"Bwana, mkeo kajifunzia wapi kusema?"

"Nyumbani," Wakili akasema, kifua kimejaa. "Miaka tisa ananisikiliza."

"Basi kajifunza vizuri. Amesema kwa ufupi."

Jumapili ikawa ya kazi. Dada Chemba alikuwa ameonya wasimwage njiani wala kwenye mtaro wa mvua, maana mtaro ule unakwenda mtoni moja kwa moja bila kusafishwa. Kwa hiyo Wakili alikunja suruali, akafunga leso puani, akazibua karo, akateka maji ya mapipa ndoo baada ya ndoo na kuyamwaga humo, taratibu, kupitia chujio. Bibi alisimama mbali akisoma chaki.

"Kielelezo cha pili, umeachiwa huru. Kielelezo cha tatu, simama."

Mapipa manne yakarudi kwa mwenyewe, yameoshwa. Mawili yalinunuliwa, yakawekwa vifuniko. Humo dobi alianza kuweka maji ya suuza ya mwisho, yale ambayo bado yana usafi. Yalitumika siku ileile kulowekea nguo chafu na kusafishia choo. Wakili akaweka wavu kwenye sinki lake, na nywele zikaanza kwenda kwenye gunia. Mafuta ya kupikia yaliyobaki yakawa yanatiwa koponi na kutupwa pamoja na taka.

Kisha Dada Chemba akawafundisha kupima uvujaji. "Fungeni koki zote. Mtu asiguse maji. Sasa tazameni mita."

Wakatazama. Gurudumu dogo jekundu lilikuwa linazunguka, bila haraka, kama mtu anayekula kwa siri.

"Nani anatumia maji?" Wakili akauliza kwa ukali.

Hakuna aliyetumia. Walitafuta nyumba nzima, wakamkuta mwizi chooni. Mpira wa ndani ya tangi ulikuwa umechakaa, na maji yalikuwa yanateremka usiku na mchana bila sauti. Mpira mpya ulikuwa wa bei ya kunyoa kichwa kimoja. Wakili aliufunga mwenyewe. Walirudi kwenye mita. Gurudumu lilikuwa limesimama.

Ijumaa meneja akarudi. Alipiga hodi bila leso, lakini leso ilikuwa mkononi, tayari. Akanusa, akaingia, akanusa tena. Akafunua kifuniko cha pipa, akachungulia. Akapapasa shuka lililoanikwa.

"Bei yako?"

Wakili akavuta pumzi ya kuanza hotuba. Bibi akamkanyaga mguu.

Dobi akataja bei. Haikuwa ile ya zamani. Aliipiga hesabu siku tatu, na alipoitaja alihisi masikio yanawaka.

"Kuna mwenzako anafua kwa nusu ya hapo," meneja akasema.

Wiki mbili nyuma dobi angeshuka hapohapo. Angeshuka mpaka chini ya sabuni.

"Namwamini atakufulia, mama," akasema. "Mwezi wa kwanza vizuri, wa pili hivyohivyo. Mwezi wa tatu atakosa sabuni, na mashuka yako yatakuwa kwake. Mimi nimehesabu sabuni. Nimehesabu maji yanayokuja na yanayoondoka. Nimehesabu kamba, maana hukatika. Na mkono wangu nao nimeuhesabu, kidogo. Nikikuambia bei ya chini kuliko hii, nitakuwa nakudanganya, na utaujua uongo wangu mvua zikianza."

Meneja akaliachia shuka. "Maji yanayoondoka umeyahesabu?"

"Yote."

"Dobi wangu wa zamani aliyamwaga nyuma ya jiko langu. Nilihamisha jiko." Akaitia leso mkobani. "Jumatatu nitaleta thelathini. Nikiyapenda, thelathini nyingine Alhamisi."

Aliyapenda.

Mwezi uliofuata idara ilitangaza ada mpya. Zilipanda, lakini nusu yake tu, na nusu iliyobaki ingengoja mwaka. Yuniti za mwanzo hazikuguswa. Bili ya dobi ilipokuja, familia nzima iliisoma, mpaka mstari wa chini kabisa. Mashuka yalikuwa yameongezeka, lakini maji ya suuza yalikuwa yanafanya kazi mara mbili na choo kilikuwa kimeacha wizi. Walilipa zaidi ya zamani, kwa kiasi ambacho kazi ya mashuka ilikibeba bila kulalamika. Na miezi mitatu ilipotimia, nje ya ukumbi wa shule karatasi ilibandikwa: pampu ya pili imenunuliwa, imefungwa, inafanya kazi.

Mvua kubwa zilifika mchana mmoja, bila salamu. Miaka yote mvua kama ile ilipopiga, karo la dobi lilianza kukoroma, kisha likayatapika maji ya uchochoro mzima. Dobi aliacha kusugua. Akasimama na shuka mkononi, ameinamisha kichwa, mtoto naye mgongoni ametulia. Maji ya ndoo aliyoyamwaga yalizunguka mara moja kwenye karo, yakateremka, yakaenda.

Wakili akachungulia kutoka chumba cha kunyolea.

"Mama watoto, mbona umesimama? Kuna tatizo?"

"Hakuna," dobi akasema. "Ndiyo maana nimesimama."